Mtaa unajengwa kila kukicha: maeneo ya kijani mnayapataje?

Jirani Mpya aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Nimehamia pembezoni mwa jiji, kwenye mtaa ambao ujenzi bado umepamba moto. Upande mmoja watu wameshahamia, upande wa pili ni misingi na marundo ya matofali, na katikati kuna vipande vya nyasi, vichaka na kijito ambavyo kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Mmoja anasema ni vya serikali, mwingine anasema vina wenyewe, ila wako mbali.

Nina watoto wawili, wa miaka minne na tisa, na ninaishi na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Watoto wanachezea barabarani maana ndipo palipo wazi, na malori ya mchanga yanapita hapo hapo. Mama yeye anashinda barazani. Alikotoka alizoea kutembea kila asubuhi. Hapa akifika getini anarudi, kwa sababu nje ni vumbi na mashimo.

Nikitafuta bustani kwenye ramani ya simu inaniletea moja tu, na ni ya kwenda kwa gari. Lakini nikisimama dirishani naona mstari wa miti kule bondeni, miti mikubwa ya zamani, na jioni ndege wanaingia humo kwa makundi. Kwa hiyo kitu kipo. Ninachoshindwa ni kujua pa kuingilia, na kama ninaruhusiwa kuingia.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, mtu anatofautishaje eneo la umma na kiwanja cha mtu ambacho hakijajengwa? Pili, mama nimpeleke wapi? Sitafuti pa kwenda sikukuu. Natafuta pa kwenda siku ya kazi, jioni, kwa miguu, kabla giza halijaingia.

Mpimaji alijibu:

Karibu mtaani, jirani.

Nimefanya kazi ya upimaji wa viwanja miaka mingi, na michoro ya mitaa mipya niliyoishika ina tabia moja: kijani kipo, ila hakijaandikwa "bustani" mahali popote. Bustani yenye geti, maua na bembea huja mwisho, mtaa ukishajaa na watu wakishapiga kelele. Kabla ya hapo, kijani cha pembezoni ni ile ardhi ambayo mhandisi hakuweza au hakuruhusiwa kuijenga. Kwa hiyo acha kutafuta bustani, tafuta kinachozuia nyumba zisijengwe.

Cha kwanza ni maji. Kijito kinahitaji nafasi ya kufurika, na sheria za nchi nyingi zinakataza kujenga ndani ya kiasi fulani cha mita kutoka ukingoni. Nadhani miti yako ya bondeni imesalimika kwa sababu hiyo. Halafu kuna bwawa la kupokea maji ya mvua. Ardhi ikishafunikwa kwa lami na mapaa, maji yaliyokuwa yakizama yanakimbia juu juu, ndipo linachimbwa bwawa la kuyashika ili yasiishukie mitaa ya chini kwa mkupuo. Mabwawa hayo mara nyingi yana njia ya matengenezo inayoyazunguka, na njia hiyo huwa tambarare. Kuna pia nyaya za umeme wa msongo mkubwa: chini yake hapajengwi, panabaki ukanda mrefu wa nyasi, hauna kivuli lakini umenyooka, mzuri kwa kutembea asubuhi.

Kijani kingine kiangalie kwa tahadhari, nacho ni hifadhi ya barabara ijayo na kiwanja kilichotengwa kwa shule au zahanati. Vyote ni vya umma, vyote vinapendeza leo, na vyote vitaondoka. Watoto wachezee huko, hakuna ubaya, ila nguvu ya kupanda miti ipelekeni kwingine.

Sasa, kujua cha nani. Nenda ofisi ya mipango miji inayohusika na eneo lako, uombe kuona mchoro ulioidhinishwa wa mtaa huo. Ukiomba "ramani" tu watakuonyesha ya barabara. Mchoro ulioidhinishwa una namba, muhuri na tarehe, na una ufunguo unaoeleza kila kipande kimetengwa kwa matumizi gani. Andika namba za vipande vinavyokuhusu. Kisha rudi uwandani uyatafute mawe ya mipaka. Yanatokeza kidogo tu juu ya udongo na nyasi huyafunika, kwa hiyo papasa kwa mguu kwenye kona. Ukiyaoanisha mawe hayo na mchoro, utajua umesimama ndani ya kipande kipi.

Kuhusu umbali, ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa mwongozo mwaka 2017: mkaazi wa mji awe na eneo la kijani la umma lenye angalau nusu hekta hadi hekta moja, ndani ya mita 300 kutoka kwake, yaani mwendo wa kama dakika tano. Nusu hekta ni kama mita 50 kwa 100. Ila mita hizo 300 zinapimwa kwa mstari ulionyooka, na huku pembezoni mstari ulionyooka unadanganya. Kundi la nyumba zilizozungushiwa ukuta mmoja, au kijito kisicho na kivuko, vinaweza kuzigeuza kuwa kilomita nzima. Umoja wa Mataifa, unapopima lengo la 11.7 la maendeleo endelevu, lile linalohusu maeneo ya wazi ya umma, unahesabu mita 400 za kutembea kwa njia halisi. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Kipime mwenyewe kwa miguu, kuanzia getini kwako.

Mtunza Baba alijibu:

Mpimaji ameizungumzia ardhi, mimi nimzungumzie mama.

Baba yangu anatumia kiti cha magurudumu na mimi ndiye ninayekisukuma. Tukifika mahali papya, cha kwanza ninachotafuta ni pa kukaa. Mtu mwenye magoti mabovu haogopi umbali wa kufika, anaogopa umbali kati ya kiti kimoja na kingine. Akijua kuna gogo au ukingo wa kalavati pa kupumzikia, atatoka. Asipojua, ataishia getini kama ulivyosema. Tangulia mwenyewe, itembee njia yote, na ukariri kila mahali panapokalika. Angalia na kimo chake: akikaa chini mno, magoti yakiwa juu ya kiuno, kunyanyuka kwake kutakuwa kazi kubwa.

Mteremko nao. Kwa kiti cha magurudumu, kipimo kinachotumika sana kwenye ujenzi ni 1 kwa 12, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 12 za njia, si zaidi. Kwa mama yako hesabu ni nyingine, kwa sababu magoti mengi huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Kama kuna njia mbili za kufika bondeni, mshuke kwa ile iliyolala, mpande kwa ile kali.

Kivuli kikague saa ile ile mtakayokwenda. Mti unaolifunika benchi saa nne asubuhi unaweza kuliacha juani kabisa saa kumi jioni. Na kivuli cha mti hakifanani na cha bati. Mti unatoa mvuke kupitia majani, na maji yanapogeuka mvuke yanachukua joto la hewa iliyo karibu. Bati linalipokea joto na kukurudishia kichwani.

Na siku ambazo hawezi kutoka, mgeuzie kiti aangalie bondeni. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa kwenye dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema zaidi, na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Ulikuwa utafiti mdogo, wagonjwa 46 tu. Lakini baba yangu dirisha lake linatazama miti, na jioni nikirudi ana la kunisimulia.

Mtaa wa Chini alijibu:

Mimi nampinga Mpimaji kwa jambo moja: bwawa.

Nakaa kule chini ambako maji yenu yote yanapitia. Mvua ikinyesha juu kwenu, kwetu jua linaweza kuwa linawaka, halafu maji yanapanda ghafla. Kingo za haya mabwawa mara nyingi ni udongo mtupu uliolowa, na mtoto wa miaka minne akiteleza hana pa kushika. Isitoshe, maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yanabeba oili, mchanga na kila uchafu uliolala barabarani. Siku hizo watoto wasiyaguse kabisa.

Sisemi msiende, hata mimi naenda. Kaeni mbali na bomba linaloingiza maji na lile la kutolea, mtoto mdogo mshike mkono muda wote, na mkiona wingu zito upande wa mlimani ondokeni hata kama hapo mlipo ni pakavu.

Watu wanaogopa mbu, na wana haki. Angalieni kereng'ende. Watoto wa kereng'ende wanakulia majini na wanakula viluwiluwi vya mbu. Bwawa lenye kereng'ende wengi halinitishi kama madimbwi yaliyotuama ndani ya misingi iliyoachwa, na hayo ndiyo yako karibu na madirisha yenu.

Mpimaji alijibu:

Mtaa wa Chini yuko sahihi kuhusu bomba, nilipaswa kuwa mkali zaidi hapo. Jirani, anza na bonde. Bwawa liache hadi msimu wa mvua upite.

Jirani Mpya aliandika:

Asanteni sana, nimefanya mlivyoniambia na nawaletea mrejesho.

Njia ipo! Nyuma ya kalavati la pili kuna nyasi zilizolala, upana wa kupita mtu mmoja. Mafundi wa ujenzi wanaitumia kama njia ya mkato kwenda kituo cha basi. Nilishuka na binti yangu mkubwa. Ukishaingia chini ya miti unausikia ubaridi mabegani mara moja, na kelele za mashine ya zege zinabaki nyuma. Kwenye bomba la zamani lililokatika alikuwa ametua mdiria, mgongo wa buluu, kichwa kimeelekea maji. Akajirusha, akaibuka na kisamaki kimelala mdomoni kama fimbo, akarudi pale pale kwenye bomba. Akakipigiza upande huu, akakipigiza upande ule, akakigeuza, akakimeza kwa kichwa. Binti yangu hakusema neno muda wote ule. Kisha akaniuliza kama huyo ndege anakaa hapa hapa mtaani kwetu.

Kwa mama nimepata shina moja lililoanguka, kimo cha kiti hasa, kabla mteremko haujaanza. Bado kufika kijitoni. Mawe ya kuvukia yanateleza na sitathubutu kumpitisha.

Ofisini karani alinitolea mchoro bila shida. Bonde zima limeandikwa "eneo la wazi", kipande kimoja chenye namba yake. Kilichoniuma ni kwamba kwenye ukingo wa juu wa kipande hicho kuna kifusi kimemwagwa, na pembeni yake vigingi vipya vyenye utepe mwekundu. Sijalala vizuri tangu nivione. Niving'oe?

Mpimaji alijibu:

Usiving'oe, tafadhali. Vinaweza kuwa vya anayepima bomba la majitaka kihalali, na kung'oa alama za upimaji ni kosa la kisheria katika nchi nyingi.

Piga picha vigingi pamoja na kitu kisichohama, kwa mfano nguzo ya umeme au lile kalavati, ili mtu mwingine aweze kupaona. Omba nakala ya mchoro yenye muhuri. Halafu andika barua kwa ofisi hiyo hiyo, fupi, yenye swali: je, kuna ombi lolote la kubadili matumizi ya kipande namba fulani, na kama lipo, wananchi wanatoa maoni yao wapi na mwisho lini? Usimtuhumu mtu. Swali lililo wazi ni gumu kulikwepa, tuhuma inakaa tu kwenye faili. Wasaini majirani wengi kadiri iwezekanavyo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Msidharau barua. Mwaka 1989, ilipopangwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi, Wangari Maathai alianza kwa kuandika barua kwa wakubwa, kwa ofisi baada ya ofisi, hadi kwa waliotarajiwa kutoa fedha. Alitukanwa sana. Lakini wafadhili walijitoa, jengo halikujengwa, na bustani ipo hadi leo.

La pili, kiingizeni kile kijia kwenye OpenStreetMap. Ni ramani ya bure iliyoanzishwa mwaka 2004, na yeyote aliyejisajili anaweza kuihariri. Chora njia, chora eneo la wazi kama lilivyo ardhini. Usichukue mistari ya mchoro wa ofisi bila ruhusa, chora ulichokitembea. Familia ijayo ikihamia na kufungua simu, bonde litaonekana. Eneo linalotumiwa na watu kila jioni ni gumu kulinyakua kuliko lile linaloitwa pori.

Mtunza Baba alijibu:

Barua hiyo nami nitaisaini, nitafute kwenye ujumbe wa faragha. Ila naomba iwe na aya ya pili, tofauti na ya vigingi: kivuko cha kijito. Taja upana wake kabisa, mita moja na nusu, ili kiti cha magurudumu kipite na mtu wa kutembea pembeni, na kiwe na vishikio pande zote mbili. Usiandike "kivuko" tu ukaacha hapo. Ukiacha upana kwa fundi utaletewa ubao wa kupita mguu mmoja, na mama yako na baba yangu watabaki ng'ambo ya huku.