Filimbi ya kuitia bata bukini haipandi sauti: nikate ulimi au nisikate?

Seremala wa Kadutu (Bukavu)
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Kazi yangu ni useremala, lakini chombo chochote cha kupuliza kikiharibika mtaani kwetu huishia mezani kwangu. Safari hii shemeji yangu anayeishi Kanada, ambaye yuko hapa kwa likizo, ameniachia filimbi anayotumia kuwaitia bata bukini wa huko, na anataka aondoke nayo ikilia sawasawa kwa sababu msimu wao wa kuwinda unafunguliwa Septemba. Ni ile aina fupi yenye ulimi mmoja: bomba la mbao, na ndani yake kipande cha plastiki chenye mfereji, ambacho juu yake umelala ulimi mwembamba uliobanwa kwa kabari. Sauti nene inatoka vizuri, ila haivunjiki ghafla kwenda juu, na huo mvunjiko ndio unaomfanya bata ageuke. Tena ukiipuliza kwa muda hunyamaza kabisa hadi uikung'ute. Je, nikate ncha ya ulimi? Wembe ninao, lakini mkono unasita.

Saksofoni243 (Goma)
Ndugu seremala, sisi wa fanfari (bendi ya matarumbeta), ulimi wa saksofoni ukilegea huwa tunaukata ncha kidogo sana, nao hukaza. Mimi ningekata kiasi cha unywele, kisha nikapuliza.

Mwana wa Kivu (Québec)
Wembe uuweke pembeni kwanza. Ulimi wa saksofoni ni wa tete na wapigaji huununua kwa boksi. Huu wa plastiki ukishakatwa haurefuki tena, na sidhani kama kuna duka la Bukavu litakalokuuzia mwingine. Umetaja dalili mbili, na kila moja ina chanzo chake.

Kunyamaza kunatokana na mate au uchafu unaoushikiza ulimi kwenye plastiki iliyo chini yake. Kivute kipande cha ndani kikiwa kimenyooka, bila koleo. Kabla hujagusa kabari, chora kistari kwa kalamu yenye ncha nyembamba pale ulimi na kabari vinapoishia, maana bila alama hiyo hutajua pa kurudi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kwa kuwa maji ya moto huupinda ulimi. Kisha pitisha kipande cha karatasi safi chini ya ulimi, uubonyeze kwa kidole, uivute taratibu. Msasa usiguse kabisa uso wa kile kipande chenye mfereji: mpindo wake ndio unaoamua sauti, na ukiupunguza, hakuna marekebisho yatakayoirudisha filimbi.

Kutopanda, kwa kawaida, ni dalili kwamba sehemu ya ulimi inayotikisika ni ndefu mno. Ulimi ukisogezwa nje, sauti hushuka na hudai pumzi nyingi kabla ya kuvunjika. Ukirudishwa ndani, hupanda upesi. Sogeza kiasi cha unene wa karatasi tu, kaza kabari, puliza, sikiliza. Vilevile utazame ulimi kwenye mwanga: ukiona mstari mweupe karibu na ncha, huo ni mkunjo, nao hautibiki.

Mama Mwalimu (Lubumbashi)
Iwapo ulimi umekunjika, filamu ya picha ya zamani ya eksirei haiwezi kukatwa ikawa ulimi wa akiba?

Mwana wa Kivu (Québec)
Kwa kujifunzia inafaa, mama, kwa kuwa nayo ni poliesta. Ila unene wake ni kama milimita 0.18, ilhali ndimi za filimbi hizi mara nyingi hukaribia 0.25. Itapanda upesi mno, na mtu akiipuliza kwa nguvu itatoa mlio mwembamba au itakwama.

Saksofoni243 (Goma)
Basi nimeelewa tofauti. Lakini seremala atajuaje kwamba sauti imekaa sawa? Akawajaribie bata wa ziwani?

Mwana wa Kivu (Québec)
Hao hawatamsaidia. Bata bukini wa Misri, anayeonekana sehemu nyingi za Afrika, ana sauti tofauti kabisa: dume hutoa mlio wa kukwaruza na jike hupayuka. Asikilize rekodi ya bata bukini wa Kanada, au amwite shemeji.

Seremala wa Kadutu (Bukavu)
Nimefuata utaratibu huo. Chini ya ulimi kulikuwa na uzi wa sufu, nadhani wa mfuko wa koti, na kabari ilikuwa imelegea upande mmoja, hivyo ulimi ulikaa mshazari. Mstari mweupe sikuuona. Nimeunyoosha na kuurudisha ndani kidogo, nao sasa unapanda kwa pumzi ndogo, ila ile sauti nene ya mwanzo imekonda.

Mwana wa Kivu (Québec)
Umeurudisha kupita kiasi. Usogeze nje nusu ya ulichorudisha, halafu mpe shemeji aipulize mwenyewe kabla hujaikaza kwa mara ya mwisho, kwa sababu mikono yake ndiyo inayofunga na kufungua mwisho wa filimbi, na pumzi yake si yako.