Naombeni ushauri: mkate wa mayai wa kuoka, wenye utamu na chumvi kwenye trei moja

MamaNuru: Habari za jioni wapendwa. Jumapili napokea wageni wa ukweni, watu kumi na watoto wakiwemo, na wanaondoka mapema. Sitaki niwe nageuza chapati jikoni huku wao wanakunywa chai peke yao. Nafikiria ule mkate unaopangwa kwenye trei, unamwagiwa mayai na maziwa, kisha unaokwa. Baba mkwe hali vitu vya sukari asubuhi, watoto ndiyo wanavyotaka. Ninazo boflo, soseji za ng'ombe, mayai, maziwa na ndizi. Vitapatana? Na nifanyeje katikati pasibaki maji maji?

Bi_Kisauni: Vinapatana sana, mwanangu. Sisi Mombasa tunakula mahamri kwa mbaazi za nazi: hamri lina sukari na hiliki, mbaazi zina chumvi, na hakuna anayeshangaa. Ila sukari usiitie kwenye mayai, utapata keki yenye soseji. Utamu uachie ndizi. Tumia mzuzu ulioiva hadi ganda likawa na madoa meusi, ukate vipande, ukaange mpaka vigeuke kahawia, unyunyize chumvi kidogo. Ndizi za kula mezani zinarojeka. Tena nusu ya maziwa badilisha na tui zito, uone harufu yake na hiliki.

Mwokaji_Moro: Namuunga mkono Bi mkubwa. Vipimo vyangu: trei ya sentimita 23 kwa 33, mkate gramu 500, mayai 8, maziwa nusu lita. Mkate uwe wa jana. Ukiwa laini, ukaushe kwanza kwenye oveni, maana mkavu ndio unaofyonza. Laini unageuka uji, na hapo ndipo maji maji ya katikati yanapoanzia. Soseji zikaange, uchuje mafuta. Vitunguu pia vikaange polepole hadi viwe kahawia, vina utamu wao mzuri. Nyanya mbichi usiguse.

Panga jioni, funika, weka kwenye friji. Asubuhi itoe nusu saa kabla. Oka nyuzi 180 kwa dakika 45 hadi 50, nusu saa ya kwanza ukiwa umefunika kwa foili. Chomeka kisu katikati. Kikitoka na mayai mabichi, rudisha. Ikiiva iache dakika kumi ndipo ukate.

Shangazi_Ilala: Soseji mimi sizipendi humo, chumvi yake huwezi kuipima. Nyama ya kusaga yenye tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga inakaa vizuri zaidi na ndizi, na baba mkwe ataona amekula chakula. Ikaange mpaka ikauke kabisa.

MamaNuru: Asanteni sana, shikamooni wakubwa. Shangazi, nyama ya kusaga nimeikubali. Na umeme ukikatika usiku?

Mwokaji_Moro: Mchanganyiko wa mayai mabichi na maziwa usiulaze nje kwa joto la Dar, dada. Kama huna uhakika na umeme, jioni andaa nyama, vitunguu na ndizi tu, na friji usiifungue ovyo. Mayai piga asubuhi, mkate uloweke nusu saa. Jiko la mkaa linatosha: sufuria pana iliyopakwa siagi, mkaa mwingi juu ya mfuniko, mchache chini, kama unavyopika mkate wa kumimina. Chini pakizidi moto paunguza kabla katikati hapajashika.

MamaNuru: Na watoto wakidai sukari yao?

Bi_Kisauni: Upande mmoja wa trei usiweke nyama, weka ndizi nyingi. Ukishaondoa foili, nyunyiza hapo kijiko cha sukari na mdalasini, ishike rangi. Mzee mkatie upande wa pili, na achari ya embe pembeni.