Naomba ushauri: nyumba ya kupangisha aliyotuachia mama, Nyalenda

Hamjambo wenzangu. Marehemu mama alituachia nyumba ya vyumba vinne hapa Nyalenda, Kisumu. Imekaa miaka mitatu bila mpangaji, na inaniuma kuiona hivyo. Mabati yameota kutu, yanavuja. Mbao za dari zimeliwa na mchwa. Kinachonitia hofu zaidi ni ufa ukutani. Udongo wetu mweusi huvimba mvua ikinyesha na kusinyaa ukikauka, basi kila kiangazi ufa unapanuka. Fundi mmoja alitaka kuuziba kwa simiti na kupaka rangi juu. Nilikataa.

Nina shilingi 80,000 pekee. Nianze na paa na mifereji ili maji yasisimame karibu na ukuta, au msingi kwanza? Na mchwa, mliwamaliza kwa dawa gani?