Wakuu ligi yetu ya raga tuipangeje? Nyumbani na ugenini kama Wafaransa au tuchuje mapema?

Mwana_Ujiji:
Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma, nimepewa ukatibu wa kamati ya ligi ya raga na wala sikuomba, nilichelewa kikao nikakuta nimeshachaguliwa. Tuna timu 6, tatu za huku (mjini mbili na Kasulu moja) na tatu za Tabora (mjini mbili na Urambo). Ni raga ya watu 15 sio ile ya 7. Wachezaji hawalipwi, kuna mfanyabiashara mmoja wa dagaa kaahidi kutusaidia nauli na jezi ila hela yenyewe sio ya kutisha.

Sasa mwenyekiti wetu anaangalia sana Top 14, ligi kuu ya raga ya Ufaransa, kwenye simu na anataka kila kitu kama kule, kila timu ikutane na mwenzake nyumbani na ugenini, alaf mchujo, alaf fainali, alaf na kushuka daraja (kushuka kwenda wapi sijui maana chini yetu hakuna kitu). Mwaka jana tulijaribu hivyo hivyo, mwezi wa 11 mvua inaanza kuna timu imecheza mechi 9 nyingine 5, kuna mechi hazikuchezwa kabisa kwa kukosa nauli ya treni, bingwa akapatikana kwenye kikao. Kikao kweli, watu wamekaa na soda.

Naomba kujua hawa wa kulipwa wanapangaje na sisi tuchukue kipi tuache kipi. Nawasilisha.

Fundi Saa:
Mwambie mwenyekiti Top 14 wana timu 14, kila timu mechi 26, wanaanza Septemba wanamaliza mwisho wa Juni. 2025 fainali ilipigwa tarehe 28 Juni, Toulouse akamfunga Bordeaux 39-33 tena mpaka dakika za nyongeza. Miezi 10 hiyo, na vikosi vikubwa, madaktari, ndege. Na bado wanalalamika. Six Nations (mashindano ya mataifa sita ya Ulaya) ikianza Februari wachezaji wanaitwa timu ya taifa na kuna wikiendi ligi haisimami, kwahiyo klabu iliyokuza vijana wazuri ndiyo inaadhibiwa, wenzake wanacheza kamili yeye anacheza na watoto. Wewe una watu 22 nusu yao bodaboda, mtu akivunjika bega Jumamosi, Jumatatu hana cha kula.

asali_ya_nyuki_wadogo:
Mimi niko Tabora nimecheza hiyo ya mwaka jana, niliumia mbavu Kasulu nikarudi na treni nimekaa upande mmoja usiku kucha. Hebu tupige hesabu maana watu wanaongelea mfumo bila kuhesabu safari. Timu 6 nyumbani na ugenini kila timu ina mechi 10, sawa. Kati ya hizo kila timu inavuka mkoa mara 3. Mara timu 6 ni safari 18 za watu 25, wale, walale, warudi. Huyo mtu wa dagaa labda awe anauza na boti.

Gaweni kimkoa. Kigoma wacheze wao kwa wao, Tabora wao kwa wao, mizunguko 3 badala ya 2 ili kila timu ipate mechi 6. Timu zikiwa 3, kila wiki timu mbili zinacheza na moja inapumzika, mechi 9 zinaisha wiki 9. Alaf wawili wa juu kila mkoa wanaenda nusu fainali, wa kwanza wa huku na wa pili wa kule, aliyeongoza anakuwa mwenyeji. Safari za kuvuka mkoa ni 2 za nusu fainali na 1 ya fainali tena fainali wakikutana wa mkoa mmoja hakuna hata hiyo. Tatu badala ya 18.

Mzee wa Skramu:
Hapo kwenye makundi kuweni makini vijana. Super Rugby ilianza 1996 na timu 12 za Afrika Kusini, New Zealand na Australia, kila mtu anaielewa. Wakaenda 14, wakaenda 15, 2016 wakafika 18 wameingiza na Argentina na Japani, makundi juu ya makundi. Mwaka huo Brumbies wa Australia wamemaliza na pointi 43 wakawa wenyeji wa robo fainali dhidi ya Highlanders wenye 52, eti kwa sababu wameongoza kundi lao. Highlanders wakaenda kushinda hukohuko lakini mshabiki alishaona ni kiini macho. Miaka miwili tu wakarudi 15. Ukigawa makundi usilinganishe pointi za kundi hili na lile, wa kwanza ni wa kwanza basi.

Kigogo wa Mwanga:
Napinga kidogo. Mechi 6 mtu akishapoteza 3 za mwanzo anarudi kuvua. Kinachoweka watu ni hofu na tamaa, na ndio maana Ufaransa inanoga. Montpellier bingwa 2022, 2024 kamaliza wa 13 akacheza mechi ya kujiokoa na timu ya daraja la chini, kaponea chupuchupu. Uingereza Exeter walipanda 2010, 2017 ni mabingwa. Hata Mashujaa wetu wa soka walipanda Ligi Kuu 2023 kwa mchujo. Mkiweka ligi ya kujuana bila kupanda na kushuka inakuwa bonanza.

Fundi Saa:
@Kigogo wa Mwanga umetaja Uingereza ukaruka nusu ya hadithi. Msimu mmoja tu wa 2022/23 Worcester, Wasps na London Irish wote walianguka kwa madeni, ligi ikabaki timu 10. Tamaa hiyo. Na wa kwetu ashuke wapi mkuu, mwenye mada kashasema chini hakuna kitu.

Kigogo wa Mwanga:
Sawa kushuka muache. Ila wekeni bonasi basi, hiyo haina nauli. Kushinda pointi 4, sare 2, ukifunga trai 4 (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wenzako) unaongezwa 1, ukifungwa kwa tofauti isiyozidi 7 unapata 1. Timu inayochapwa inapambana mpaka dakika ya 80 kwa hiyo moja.

Mama Raga:
Mimi sichezi mume wangu ndo anacheza, ila nimesoma nikaona wanaume mnasahau kalenda ya maisha. Mvua Novemba mpaka Aprili watu wako shamba. Juni walimu wako kwenye michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, na kwenye timu ya huku kwetu walimu ni watano. Anzeni Mei mapema, Juni simameni wiki 2, malizeni Agosti. Na uwanja wa kiangazi ni kama sementi, mwagieni maji tafadhali, magoti ya mtu nayajua mimi.

Mzee wa Skramu:
Shemeji kasema kweli. Na aliyeongoza msimuvushe moja kwa moja fainali kumzawadia. Uingereza 2003 Gloucester kaongoza ligi kwa pointi 15 zaidi ya Wasps, akapelekwa fainali akasubiri wiki 3 bila mechi, Wasps katoka kucheza nusu fainali yuko moto, akamchapa 39-3. Mpeni uwenyeji, inatosha.

Mwana_Ujiji:
Shukrani sana wakuu. Jumapili napeleka hii: makundi mawili ya mkoa, mizunguko 3, bonasi, nusu fainali kwa aliyeongoza, Mei hadi Agosti na Juni tunasimama. Kushuka daraja nitamwambia mwenyekiti tukifika timu 10. Kuna kitu nimesahau?

asali_ya_nyuki_wadogo:
Refa. Mwaka jana alikuja kwa hela yake.

Mwana_Ujiji:
Duh. Refa hata kwenye bajeti hayupo.