Ada ya darasani, masomo ya PDF. Chuo kimetufanya shamba la bibi

Wakuu, heshima kwenu. Niko Tunduma, nina tiketi ya basi la kesho alfajiri na nina hasira mpaka vidole vinatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnivumilie.

Nasoma shahada ya uhasibu mtandaoni, mwaka wa pili. Chuo sikitaji, kipo Dar, wenyewe wakipita hapa watajijua. Mtandaoni nilichagua mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Nina kazi ya stoo hapa mpakani, nina watoto wawili, na kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900. Tangazo lao lilisema "soma popote ulipo, ubora uleule". Nikalipa.

Ada ni ileile ya wanaokaa darasani. Hilo nililijua tangu mwanzo, sawa. Kinachoniuma ni vile vidogovidogo vya chini ya ankara: michezo, maktaba, kitambulisho, halafu 50,000 ya tahadhari ya uharibifu wa mali za chuo. Jamani, nitavunja kiti gani cha Dar nikiwa Tunduma?

Haya, twende kwenye vipindi. Darasa letu tuko 132. Lecha anatumia Zoom ya bure, ambayo inabeba watu 100 na inakata baada ya dakika 40. Kwa hiyo kila Jumanne saa mbili usiku ni mbio kama za kugombea daladala Mbagala. Ukichelewa unakuta pamejaa, basi, hujasoma. Ukiwahi, dakika kumi za mwanzo ni "mnanisikia? Anayenisikia aandike moja". Moja, moja, moja, skrini nzima inajaa moja. Kuna mmoja kila wiki anasahau kuzima maiki, tunasikiliza anavyomwogesha mtoto. Lecha akianza kukolea, dakika 40 zinaisha. Mkiingia tena mmebaki thelathini. Na kumbuka saa moja ya video inaweza kukula karibu GB nzima, bando langu, si lao.

Nimesoma diploma darasani, 2014 hadi 2016, kwa hiyo najua ninacholinganisha. Siku tunafundishwa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, lecha aliuliza "mmeelewa?" Kimya. Akatutazama usoni, akacheka, akafuta ubao wote akaanza upya. Hundi tuliyomwandikia mtu lakini hajaipeleka benki, unaitoa kwenye salio la benki, kwa sababu pesa hiyo si yako tena hata kama bado ipo. Alirudia mara tatu. Jioni kwenye vimbweta jamaa mmoja akatuchorea lilelile nyuma ya kalenda. Mpaka leo silisahau, na ndilo linaloniweka kazini.

Sasa hivi tuko kwenye hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu. Nimepewa nini? PDF ya kurasa 94, ukurasa wa tatu una nembo ya chuo kingine kabisa. Hata kufuta nembo wameshindwa. Swali nililoandika kwenye mfumo Novemba, kuhusu faida iliyomo kwenye bidhaa ambazo kampuni tanzu bado haijaziuza, lilijibiwa Januari. Jibu: "Soma slaidi."

Mtihani wa majaribio ndio usiseme. Maswali 20, dakika 30. Swali la 14 umeme ukakatika, mtandao ukaondoka nao. Narudi nakuta mfumo umeshakusanya wenyewe, nimepewa 7. Darasani kalamu ikiisha wino unamgusa wa pembeni, maisha yanaendelea. Huku nimeandika barua, nimepiga picha, nimetuma. Nikajibiwa "imepokelewa" na hapo ndipo ilipoishia.

Mwaka wa kwanza pia walituonyesha rangi zao. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, mtandao ukawa wa kubahatisha nchi nzima. Sisi tulikuwa na kazi ya kukabidhi Jumatatu. Hawakusogeza hata siku moja. Waliochelewa wakakatwa alama, na mimi nikiwemo.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia masomo ya mbali ndivyo yalivyo. Hapana mkuu. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa 1992 na kikaanza kufundisha 1994, wengi wetu barua pepe hatujaijua. Lakini waliweka vituo mikoani, mtu anafanya mtihani karibu na kwake. Na mke wa rafiki yangu anasoma mtandaoni chuo kingine, kila kipindi kinarekodiwa, anarudia usiku watoto wakilala. Hiyo kweli darasani huipati, lecha huwezi kumrudisha nyuma. Kwa hiyo inawezekana. Hawa wa kwetu walichofanya ni kuondoa darasa na kubakiza risiti.

Sasa kilichonileta hapa. Alhamisi wametangaza kwenye grupu kwamba mitihani ya mwisho ni ana kwa ana, Dar, kuanzia Jumatatu. Alhamisi hadi Jumatatu! Wiki mbili, na mitihani imetawanywa siku moja moja. Nauli, gesti, chakula, na bosi aliyenipa ruhusa ya siku tano tu. Asiyefika anahesabiwa amefeli, na sapu (mtihani wa marudio) tunaambiwa mpaka Septemba.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie: malalamiko ya hivi TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) mnayapelekaje, barua au kwenda mwenyewe? Nikiwa Dar nitakuwa na siku tupu katikati. Na kama kuna anayejua gesti ya bei nafuu Kimara au Ubungo, isiwe juu ya baa, aje PM.

Basi ni saa kumi na moja. PDF ninazo kwenye simu, kurasa zote 94.