Mrejesho: jirani zetu wanaolala vibarazani Ngamiani

Wapendwa, niliwauliza ninyi jinsi usharika wetu hapa Tanga unavyoweza kuwasaidia wanaolala vibarazani Ngamiani, maana tulikuwa tunagawa chakula, tunapiga picha, tunaondoka. Mkanijibu: kaeni nao kwanza. Asanteni sana.

Picha tumeacha. Jumamosi alfajiri tunabeba chai ya tangawizi na mihogo, tunakaa nao kwenye maboksi yao, tunakula wote. Wiki ya tatu mzee mmoja, seremala wa zamani, akaniuliza jina langu. Sahani nilishampa mara nyingi, lakini jina lake sikuwahi kumuuliza. Iliniuma kweli.

Kumbe kinachowakwamisha zaidi ni vitambulisho. Bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hata laini ya simu huwezi kusajili, na kuipata unahitaji barua ya serikali ya mtaa. Asiye na nyumba aseme anaishi mtaa gani? Tumeongozana nao kwa mwenyekiti, wawili wameshaandikiwa.

Yule mzee ametutengenezea benchi la kanisa lililovunjika mguu, tukamlipa kama fundi yeyote. Kuna kijana bado hataki kuongea. Tunamwekea kikombe chake karibu, tunamwacha apumzike.