Hadithi zilizokataliwa zamani, kwa nini bado zinatushika? (kitabu cha 1967 kimefika steshenari yangu Kigoma)

KopiMwanga ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Natoa kopi, nataipu barua, nabaindi ripoti za wanafunzi. Fasihi niliiacha kidato cha nne. Ila wiki mbili hizi kuna kitabu kimenikosesha usingizi, nikaona nije kuwauliza wanaojua.

Alikuja mzee mmoja mstaafu wa reli na kitabu kinene kisicho na jalada, kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Alitaka kopi ya hadithi moja tu, ampelekee mjukuu wake aliyeko chuo. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, Dangerous Visions, kimetoka Marekani mwaka 1967. Aliyekikusanya ni Harlan Ellison: hadithi 33 za kisayansi, zote mpya kwa wakati ule. Aliwaomba waandishi wamletee zile ambazo magazeti ya hadithi yasingethubutu kuzichapa. Tona ilikuwa inaniishia, kwa hiyo kila baada ya kurasa mbili tatu nilisimamisha mashine nitikise katriji, na kila nikisimamisha nasoma. Nikaimaliza hadithi nzima nikiwa nimesimama.

Ni ya Philip K. Dick. Nchi nzima inamwona Kiongozi kwenye televisheni, mzee mwenye uso wa upole. Kumbe maji ya kunywa yametiwa dawa inayowafanya watu waote macho wazi. Mtumishi mmoja wa serikali anapewa dawa ya kuikata ile ya kwanza, anamtazama tena Kiongozi, na anachokiona si mtu. Mpaka hapo nilikuwa nafuata tu. Kilichonigonga ni kwamba waliotangulia kumeza dawa hiyo hawakuona kitu kimoja. Kila kundi liliona lake. Uongo ni mmoja kwa wote, ukweli ndio unaotofautiana.

Mashine ikawa kimya. Mzee akauliza, "Karatasi imekwama, mwanangu?" Nikamwambia hapana baba, nasoma. Akavuta stuli, akakaa. "Soma tu, sina haraka."

Usiku nikaendelea kutafuta kwenye simu, nikafika kwa Warusi. Enzi za Usovieti waliandika wanachotaka, wakakipiga taipu wenyewe na karatasi za kaboni, kisha nakala zinapita mkono kwa mkono. Waliita samizdat, yaani kujichapia mwenyewe. Mwaka 1979 kule Moscow kundi la waandishi lilitengeneza mkusanyiko mzima kwa njia hiyo, ukaitwa Metropol, nakala 12 tu. Wawili kati yao walifukuzwa kwenye chama cha waandishi.

Hapo nilimkumbuka marehemu mama. Alikuwa mpiga taipu ofisini miaka ya themanini. Alikuwa akisema ukiweka kaboni tatu, lazima ugonge kwa nguvu ili nakala ya chini isomeke, na ukigonga kwa nguvu herufi o inatoboa karatasi ya juu. Ninayo barua yake moja. Ukiielekeza dirishani, kila penye o panapita mwanga.

Swali langu sasa. Hadithi ngapi za roketi za miaka ile zimeshakufa, hakuna anayezitaja. Hizi za pembeni, zilizokataliwa, kwa nini bado zinauma baada ya zaidi ya miaka hamsini? Ni kwa sababu zilikatazwa tu? Na sisi kwa Kiswahili tunazo?

MwalimuUjiji amejibu:

Mwanangu, hongera kwa kusoma ukiwa umesimama.

Nijibu kwa nililoliona mwenyewe. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni. Mimi nilikuwa sekondari Tabora. Bweni letu lilikuwa na nakala moja, tukaichana vipande vitano ili watu watano wasome kwa wakati mmoja. Kilichoniangukia ni kipande cha tatu, kisha cha tano. Nilijua Rosa ameishia wapi kabla sijajua alianzia wapi. Na hata sikujali, nilikuwa natetemeka.

Ungeniuliza siku zile ningekujibu ndiyo, tunapenda kwa sababu tumekatazwa. Lakini baadaye marufuku iliondoka, kitabu kikaingia kwenye mtaala, nami nikakifundisha miaka mingi. Wanafunzi wangu walikipokea kama kazi ya shule, kina mhuri wa maktaba, hakuna wa kumficha. Na bado tukifika pale baba anapompiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, darasa lilikuwa linanyamaza. Kila mwaka, palepale. Sasa hilo si la marufuku. Pale palikuwa na kitu ambacho kila mmoja alikuwa nacho nyumbani kwao na hakuna aliyewahi kumsikia mtu mzima akikisema.

Mgeni_wa_Katonga amejibu:

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana nawe, ila nataka niongeze ukali kidogo.

Dangerous Visions nimekisoma chote, na kwa maoni yangu sehemu kubwa imechacha. Wapo walioandika matusi na mambo ya chumbani kwa kuwa mlango ulifunguliwa siku hiyo. Leo kijana ana simu mfukoni, hayo hayamshtui. Zilizobaki ni zile ambazo mwandishi mwenyewe alikuwa anaogopa alipokuwa anaandika. Anayetaka kukushtua wewe, hadithi yake inaisha ukishashtuka. Anayeogopa anachokiandika, hofu yake unairithi. Hiyo ya Dick ni ya aina hiyo.

Na si lazima iwe na makelele. Mwaka 2000 Sheree Thomas alikusanya hadithi za kisayansi za waandishi weusi katika Dark Matter. Mle ndani kuna ya W. E. B. Du Bois ya mwaka 1920. Nyotamkia inapita, hewa yake inaua New York yote. Anapona tarishi mweusi wa benki. Kwa nini anapona? Kwa sababu siku hiyo alitumwa stoo za chini kabisa kuchukua kumbukumbu za zamani, mahali ambapo wakubwa wasingemtuma mtu wanayemthamini. Dharau ndiyo iliyomwokoa. Baadaye anakutana na mwanamke mzungu tajiri, wanadhani dunia imebaki yao wawili, na kwa muda mfupi wanatazamana kama watu. Kisha inajulikana kuwa mji ni ule mmoja tu uliokufa. Watu wa nje wanafika, na ubaguzi unafika nao palepale. Haina haja ya makelele. Nilipoisoma nilifunga kitabu, nikatoka kwenda kutazama ziwa.

BintiKasulu amejibu:

KopiMwanga, la Kiswahili nakujibu mimi. Tunazo, ila zinatembea mojamoja. Kezilahabi huyohuyo alitoa Nagona 1990 na Mzingile 1991, vitabu vyembamba, ukivisoma kama riwaya ya kawaida vinakutupa nje. Wamitila alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Mimi sijashika mkusanyiko wa waandishi wengi wa Kiswahili walioitwa pamoja na kuambiwa, leteni ile mliyoificha. Ndiyo maana anayejaribu huonekana ameharibikiwa. Wangekuwa kumi ndani ya jalada moja ingeonekana ni mwendo.

Kama unafikiria kufanya wewe, na ninahisi unafikiria, usichukue hadithi za watu ukazikalia. Ellison aliahidi kitabu cha tatu cha mfululizo wa Dangerous Visions miaka ya sabini, kikatoka 2024, yeye amekufa tangu 2018. Waandishi wengi walifariki wakisubiri. Octavia Butler alimuuzia hadithi akiwa binti mdogo anayeanza. Alifariki 2006, na hadithi ikachapishwa 2014. Hilo linaniuma kuliko nakala 12 za Warusi, maana zile walau zilisomwa.

KopiMwanga amejibu:

Asanteni sana. Mwalimu, shikamoo. Dada wa Kasulu, umenisoma kweli.

Maneno ya Mgeni kuhusu hofu yamenifanya nimtazame upya yule mzee. Jana alipita dukani, nikamuuliza kwa nini alichagua hadithi ile kati ya 33. Hakujibu. Alifungua mfuko wake wa rambo, akatoa daftari kubwa, kurasa zimejaa kalamu ya bluu. Ni hadithi yake. Amekaa nayo tangu yuko kazini na hajamwonyesha mtu, hata mkewe.

Kwa wasiokujua huku, Kigoma ndiyo mwisho wa reli, mbele yake ni ziwa. Katika hadithi ya mzee, mtu wa zamu yuko stesheni saa tisa usiku, treni ya ratiba imeshaingia, na anasikia honi nyingine. Inatokea upande wa maji. Anachukua taa, anatoka jukwaani, na mabehewa yanaingia yakichuruzika, taa za ndani zinawaka, abiria wamekaa wamepakata mizigo yao. Anawafahamu wote.

Nimesoma mpaka hapo, mwandiko ni mgumu. Nilimwomba ruhusa niitaipu, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema jina lake lisiwepo. Nimeshamaliza kurasa sita. Mwenye hadithi yake aliyoificha na anitafute hapa jukwaani. Nitachapa nakala chache kwa rimu zangu mwenyewe, na nikipata kumi nazibaindi mwezi huohuo.